Barua ya wazi kwa vijana wanaosema katiba itupwe

Wajukuu zangu, hamjambo. Wenzenu waliouawa Juni 2024 juu ya ule mswada wa fedha tunawalilia mpaka leo. Lakini kuna neno nasikia kwenu linaninyima usingizi, ati katiba yetu ya Kenya imeshindwa, tuitupe tuandike ingine. Ngojeni kwanza.

Ile ya zamani hamkuijua. 1982 bunge likaingiza kifungu cha 2A, chama ni KANU peke yake, 1988 watu wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea na mwenye laini fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe, na mwaka huohuo majaji wakaondolewa kinga ya kazi yao. Kesi ungepeleka wapi?

2002 Rais Moi akaenda. Desemba 30 Uhuru Park ilijaa pomoni Kibaki akiapishwa, na yeye na wenzake walikuwa wametuahidi katiba mpya ndani ya siku mia moja. Walioahidi kuingia Ikulu tu, wakaona kumbe mamlaka ya Moi ni matamu, rasimu ya katiba iliyoandikwa na wajumbe kule Bomas ikakatwakatwa, 2005 wananchi wakaiangusha ile iliyobaki kwenye kura ya maoni, ile ya Ndizi (ndiyo) na Chungwa (hapana), halafu ikaja damu ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100, ndipo katiba ikapatikana Agosti 2010. Mnanisikia? Mtu aliondoka, mamlaka yake yakabaki palepale yakimngoja anayefuata.

Hii ya 2010 inawauma wakubwa. 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliye kitini, 2022 ikazima BBI, ule mpango wa wakubwa wa kubadilisha katiba. Kijana akibebwa usiku na watu wasiovaa sare, hapo katiba haijashindwa, imevunjwa, na aliyeivunja ndiye atafurahi zaidi nyinyi mkiitupa!

Na hao wanaokuja kuwaomba kura za 2027, waulizeni sheria ya thuluthi mbili ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, ambayo bunge limeikalia miaka yote hii, wataipitisha lini. Waandike tarehe, watie saini kabla ya kura, ahadi ya mdomo tulishapewa.

Mkiona kweli kuna kifungu cha kurekebishwa, someni cha 257, njia hiyo ni yenu: sahihi milioni moja, kisha mabunge ya kaunti, angalau 24 kati ya 47. Ni kazi ya mguu, soko kwa soko, kijiji kwa kijiji, na sahihi inayohesabiwa ni ya mpiga kura aliyesajiliwa, kwa hivyo wewe ambaye huna kadi ya kura anzia hapo, wiki hii.