Barua kwa Rehema: nyayo zinapowaka usiku

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole sana kwa kukesha. Umeniuliza swali moja tu: ni dawa gani itazima moto wa nyayo. Nitakujibu. Ila ndani ya swali lako limo jingine ambalo hukuliuliza, nalo ni la ganzi. Moto unakuamsha usingizini. Ganzi haikuamshi, na ndiyo inayoharibu mguu.

Nianze na kwa nini hali hii ya kuharibika kwa neva, yaani mishipa ya fahamu, imekushika vidoleni na si pajani. Neva inayofika kidole gumba cha mguu ni uzi mmoja wa karibu mita nzima, na riziki yake yote hutoka kwenye chembe iliyo kando ya uti wa mgongo. Jambo lolote linalodhoofisha neva za mwili mzima hugonga kwanza ncha ya uzi mrefu kuliko zote. Ndiyo maana hali hii hupanda kama soksi: vidole, unyayo, kifundo, na inapokaribia goti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Ikienda hivyo, miguu yote miwili, polepole kwa miezi, ni ile ya kawaida. Ikiwa ni mguu au mkono mmoja tu, mwambie daktari mapema, kwa sababu chanzo chake hutafutwa kwingine. Na ikitokea udhaifu unapanda ndani ya siku chache hadi unashindwa kuinuka kitini, au ganzi imeshika sehemu unayokalia na mkojo umegoma, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kabla ya dawa ya maumivu, chanzo. Omba upimwe sukari ya damu pamoja na HbA1c, ile inayoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo, kreatinini ya figo, ini, picha kamili ya damu, VVU, na protini za damu. Kisukari ndicho chanzo kikubwa, lakini kuwa na kisukari hakuzuii kuwa na sababu ya pili juu yake. Anayetumia metformini, dawa ya sukari, kwa miaka hupungukiwa B12 taratibu, na ganzi yake yote hubebeshwa sukari wakati nusu ya tatizo lingetibika kwa sindano au vidonge vya vitamini. B12 ikiwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu; ikiwa kati ya 200 na 300, usikubali kuambiwa "ni sawa" bila kipimo cha kuthibitisha. Wala usitumie asidi ya foliki peke yake ukidhani ni damu tu imepungua. Damu inaweza kurudi vizuri huku neva zikiendelea kufa kimyakimya. Pombe nayo ihesabiwe kwa ukweli mbele ya daktari. Ni sumu ya neva, na hakuna dawa itakayoshinda kama inaendelea kunywewa.

Hapa kwenye vitamini nataka tukae kidogo, maana najua utashauriwa "vidonge vya neva". B6 ni muhimu, na anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu hupewa piridoksini, mara nyingi miligramu 25 kwa siku, ili dawa hiyo isimle neva. Lakini B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inasababisha ganzi na miguu kuwaka! Vidonge vingi vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vina miligramu 100 au 200 za B6 katika kidonge kimoja. Mtu anaanza kwa sababu miguu inawaka, moto unazidi, anaongeza kidonge cha pili. Soma lebo ya kila kitu unachomeza, na vinywaji vya kuongeza nguvu pia, kisha jumlisha B6 yote. Kama hukuandikiwa na daktari na jumla inapita miligramu chache kwa siku, acha. Sumu ya B6 ikishaingia, dalili zinaweza kuzidi kwa wiki kadhaa hata baada ya kuacha, ndipo zipungue.

Ikigundulika ni sukari, ishushe, lakini si kwa pupa. HbA1c ikianguka kwa zaidi ya asilimia 2 ndani ya miezi 3, mfano kutoka 12 hadi 8, neva zinaweza kulipuka kwa maumivu makali mapya. Wengi wakifika hapo huilaumu dawa ya sukari na kuiacha. Hapana, mwendo ndio uliokuwa wa kasi mno. Panga na daktari ushuke kwa hatua.

Jambo jingine: kipimo cha umeme wa neva kikirudi kizuri, usikubali kuambiwa unajitungia. Kipimo hicho husoma nyuzi nene tu, zile za mguso, mtetemo na nguvu. Maumivu na joto husafiri kwenye nyuzi nyembamba ambazo mashine hiyo haizioni. Huhesabiwa kwa kukata kipande cha ngozi cha milimita 3 na kukiangalia kwa hadubini.

Sasa dawa. Parasetamoli na ibuprofeni hazifanyi kazi ya maana hapa, kwa sababu shida si uvimbe bali neva inayotuma habari za uongo. Ibuprofeni hasa iweke mbali kama figo zina walakini. Zinazosaidia ni za aina mbili. Za kwanza ni amitriptilini na duloksetini, ambazo asili yake ni dawa za sonona. Usishtuke ukisoma hivyo kwenye karatasi, hapa zinatumika kuzuia habari za maumivu zisipande kwenye uti wa mgongo. Za pili ni gabapentini na pregabalini, za ukoo wa dawa za kifafa.

Amitriptilini huanza na miligramu 10 jioni, saa moja au mbili kabla ya kulala, ikipandishwa kwa 10 kila wiki au zaidi, na wengi hupata nafuu kati ya 25 na 75. Inakausha mdomo, inafunga choo na kuleta usingizi, jambo ambalo kwako usiku ni faida. Haimfai mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo, presha ya macho ya aina ya pembe nyembamba, au mkojo unaotoka kwa shida, na mzee humwangusha anapoamka kwenda msalani. Duloksetini huanza na 30 kwa wiki moja, kisha 60 kwa siku. Meza baada ya kula, usifungue kidonge chake; kichefuchefu cha wiki ya kwanza hupita kwa wengi. Mwenye ugonjwa wa ini asiiguse. Usichanganye hizi mbili zenyewe kwa zenyewe, wala na tramadoli, ile dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, bila daktari kujua.

Gabapentini huanza na miligramu 300 usiku, halafu 300 mara mbili, halafu mara tatu kwa siku, na kipimo kinachofanya kazi mara nyingi ni 1800 kwa siku iliyogawanywa mara tatu, au hata zaidi. Pregabalini ni ndugu yake: 75 mara mbili kwa siku, kisha 150 mara mbili. Chagua moja, si zote. Zote hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo bila kreatinini hakuna anayeweza kukupangia dozi kwa haki. Zinaleta kizunguzungu, kuvimba miguu na kuongezeka uzito, na zikichanganywa na dawa za jamii ya afyuni zinaweza kupunguza pumzi. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu huzuia gabapentini isiingie mwilini. Acha saa mbili kati yake.

Kinachoharibu tiba hizi mara nyingi ni kukosa subira. Mtu hupewa gabapentini 300 usiku, anakaa nayo mwezi, anasema haifai. Hajaifikia dozi. Dawa hupimwa kwa wiki 4 hadi 6 baada ya kufika kipimo kinachofaa, ndipo ihukumiwe. Chukua daftari leo, kabla ya kidonge cha kwanza, uandike kila jioni maumivu kwa alama kuanzia 0 hadi 10, na mara ngapi uliamka. Ukishuka kutoka 8 hadi 5, dawa imefanya kazi. Usiitupe kwa kutamani 0, kwa sababu 0 hupatikana kwa wachache. Na usiiache ghafla hata siku moja. Ishushwe hatua kwa hatua, angalau kwa wiki nzima, la sivyo utapata jasho, wasiwasi na usingizi kupotea, na kwa zile za ukoo wa kifafa hata degedege.

Kama moto umebaki sehemu ndogo, kuna krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075, ile inayotokana na pilipili. Paka utando mwembamba mara 3 au 4 kila siku. Wiki ya kwanza na ya pili itakuunguza zaidi, nami siwezi kukuficha hilo. Anayepaka mara moja kwa siku anapata kuungua bila faida, maana krimu hii husaidia kwa kuichosha neva, na mara moja haitoshi kuichosha. Usipake kwenye ngozi iliyopasuka wala baada ya kuoga maji ya moto, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Plasta za lidokeini za asilimia 5 ni laini zaidi: saa 12 zikae, saa 12 zitoke, juu ya ngozi nzima tu.

Usiku, ikiwa shuka lenyewe linauma, weka boksi au fremu miguuni lisikuguse. Feni ielekee miguuni. Usiweke barafu, na usitumbukize miguu kwenye maji ya baridi kwa saa nzima ili upate usingizi. Ngozi inalowa na kuoza kati ya vidole, au inaungua kwa baridi, nawe huhisi.

Nimefika kwenye ganzi. Mwombe mtu wa nyumbani akupime hivi. Funga macho. Akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, mguso mwepesi kama unyoya, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha tatu na cha mwisho cha kila mguu, bila kubonyeza wala kurudia. Useme "kulia" au "kushoto" kila unapohisi. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na kinahitaji dakika moja tu. Ukikosa 2 au zaidi kati ya 6, mguu wako hauwezi tena kujilinda. Na siku maumivu yakipungua yenyewe bila dawa, rudia kipimo kabla ya kufurahi. Pengine neva imepona, pengine imenyamaza kabisa.

Mguu usiohisi unalindwa kwa macho. Kila jioni, kwenye mwanga, tazama juu, chini na kati ya vidole, ukiweka kioo sakafuni kuona unyayo. Unatafuta lengelenge, ufa, wekundu, doa jeusi chini ya sugu. Vaa soksi za rangi nyepesi zisizo na lastiki ya kubana, ili damu au usaha uonekane. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na upitishe mkono ndani. Kokoto ndogo ikikaa humo siku nzima huchimba shimo. Nunua viatu jioni miguu ikiwa imejaa, na acha nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Usitembee peku hata chumbani. Maji ya kuoga yapimwe kwa kipimajoto yasizidi nyuzi 37, au kwa kiwiko, na kama mikono nayo ina ganzi mwenzako ndiye ayapime. Kausha kati ya vidole na usipake mafuta hapo, kisiginoni paka. Kucha zikatwe sawasawa, bila kuchimba pembeni, na sugu usizikate kwa wembe.

Kidonda kikitokea, hata kidogo kisichouma, osha kwa maji safi, funika kwa shashi, usikikanyagie, na kionwe ndani ya siku moja. Kuna hali nyingine ambayo hupotezwa sana: mguu mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila kidonda na bila maumivu makubwa. Gusa kwa mgongo wa kiganja ulinganishe. Tofauti ya nyuzi 2 inatosha kutia shaka. Mara nyingi huitwa maambukizi au kuteguka, na picha ya eksrei ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi, kumbe mifupa inavunjika kila unapoukanyaga. Acha kuukanyaga mara moja, uende, na useme wazi kwamba miguu yako ina ganzi.

Kutembea kwenye kiatu kizuri kunasaidia mradi hakuna kidonda, na kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 ukishika meza nzito huirudishia miguu mizani. Acha taa ndogo iwake usiku. Macho ndiyo yanayokuonyesha ulipo sakafuni sasa. Ukisimama na kuona kizunguzungu, kaa ukingoni mwa kitanda kidogo kwanza, na uombe presha ipimwe umelala kisha umesimama.

Ukipata majibu, niandikie namba zenyewe, si "kawaida" au "si kawaida". Nataka hasa B12, HbA1c na kreatinini, pamoja na majina na uzito wa kila kidonge unachomeza, hata vile vya vitamini.

Mwenzako,
Salma