Barua ya malalamiko kwa kampuni ya udalali: makosa yaleyale kila mnada wa nyumba

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Udalali na Minada,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MNADA WA NYUMBA YA KIHONDA, MOROGORO, NA MAKOSA YANAYORUDIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mnunuzi wa nyumba mliyoiuza Kihonda kwa mnada wa hadhara, kwa niaba ya benki iliyokuwa ikimdai mwenye nyumba. Fedha zote nimeshalipa: asilimia 25 papo hapo nyundo ilipogongwa, na salio ndani ya siku 14 kama masharti yenu yanavyotaka. Siombi mnada ufutwe. Nalalamikia jinsi kazi ilivyofanywa. Na kilichonisukuma kuandika, badala ya kuendelea kupiga simu, ni kwamba baada ya kuwaeleza makosa hayo moja baada ya jingine, mmetangaza nyumba nyingine hapahapa Morogoro kwa tangazo lenye kasoro zilezile.

Nianze na tangazo la Kihonda. Gazetini namba ya kiwanja ilitoka na tarakimu mbili zimepishana. Kijana wenu aliyetumwa kubandika karatasi aliifuata namba ya gazetini, akaibandika kwenye geti la jirani. Mzee mwenye nyumba hiyo hajawahi kukopa benki. Watu wakawa wanasimama getini kwake kusoma, wengine wanabisha hodi kumpa pole, na wapangaji wake wakaanza kuulizana kodi ya mwezi unaofuata wampe nani. Alipopiga simu kwenye namba iliyoandikwa chini ya karatasi ile, aliambiwa asithubutu kuichana kwa kuwa ni tangazo la kisheria. Akaiacha. Ilikaa getini kwake mpaka siku ya mnada, na hata baada ya mnada hakuna aliyerudi kuibandua wala kumwomba radhi. Haya nilisimuliwa na mzee mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nilipokwenda kujitambulisha kama mmiliki mpya wa nyumba ya pili yake. Gundi imeondoka na rangi ya geti.

Mimi nilikuwa nimeelekezwa nyumba yenyewe na afisa wa benki. Wenzangu hawakuelekezwa. Asubuhi ya mnada walifika watu waliokuwa wamekagua nyumba ya jirani kwa nje, wakaipenda, wakajipanga kwa fedha zao. Dalali alipowasogeza kwenye geti la pili, wengi waliona wamechezewa, wakaondoka. Waliobaki kutaja bei walikuwa wachache mno kwa nyumba ya vyumba vinne iliyo karibu na lami.

Mtu anaweza kusema mnunuzi hana sababu ya kulalamikia hilo, maana amepata kwa bei nafuu. Mimi sioni hivyo. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji anayeuza rehani atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati ule, na bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo sokoni, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Najua sheria hiyohiyo inamlinda mnunuzi wa nia njema. Lakini kulindwa na sheria si sawa na kulala usingizi. Mdaiwa akienda mahakamani, nami nitaunganishwa kwenye kesi, nitaweka wakili, na ukarabati wa paa utasimama kwa miaka. Halafu yupo mdaiwa mwenyewe. Kila shilingi iliyopotea kwa sababu ya karatasi kubandikwa geti siyo ni deni linalobaki shingoni mwake baada ya nyumba kwenda. Familia ile imeshapoteza makazi. Haikustahili kupoteza na thamani yake kwa uzembe wa mtu ambaye hakulinganisha namba ya gazetini na namba iliyo kwenye hati.

Sheria ya Madalali, Sura ya 227, inataka ardhi isipigwe mnada kabla ya tangazo la siku zisizopungua 14, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Inataja hata kupiga ngoma, ili na asiyejua kusoma apate habari. Sheria hiyo ni ya zamani, lakini walioiandika walikuwa wanafikiria mwananchi wa mwisho mtaani asipitwe. Ninyi mna simu, mna gari la matangazo, mna ukurasa gazetini, na bado habari haikumfikia hata mke wa mdaiwa ndani ya nyumba inayouzwa. Yeye alisikia kwa jirani.

Siku za kukagua nazo zimeandikwa tu. Tangazo lilisema wanunuzi wanaruhusiwa kuona nyumba siku mbili kabla ya mnada. Nilifika, sikumkuta mtu wa kampuni. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba chumba cha uani kimepangishwa kwa fundi cherehani aliyelipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Fundi huyo ni mtu mwema, tumeelewana amalize muda wake. Angekuwa mwingine tungekuwa polisi saa hizi.

Kisha yakaja madeni. Siku ya kwanza kununua umeme, sehemu kubwa ya fedha ilimezwa na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na pale ilikuwa imelimbikizana. Hilo niliweza kulibeba. Kubwa ni kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye kiwanja huilipa serikali kila mwaka, na hapa haijalipwa kwa miaka. Ofisi ya ardhi haiwezi kuendelea na uhamisho wa hati mpaka deni hilo liishe, na ofisi yenu inaniambia nyumba iliuzwa kama ilivyo. Kauli hiyo inahusu nyufa za ukuta na bati bovu, vitu ambavyo mnunuzi anaviona kwa macho. Deni la serikali lililo kwenye kumbukumbu, ambalo karani wenu angelipata kwa kuuliza ofisi ya ardhi kabla ya kutangaza, si hali ya nyumba. Ni taarifa, na mlitakiwa kuitoa.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka mlisome kwa utulivu kuliko yote. Ukutani kwenye mapokezi yenu kuna bango linalosema mnaboresha huduma kila siku. Mimi ni msimamizi wa zamu kiwandani hapa Morogoro, na maneno hayo kwetu ni kazi yenye utaratibu. Wizara ya Viwanda na Biashara ikishirikiana na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, ilianza mwaka 2013 kufundisha viwandani mbinu za maboresho endelevu, yaani kaizen. Tulichojifunza si kufanya kazi kwa bidii zaidi. Tulijifunza kwamba kosa likitokea linaandikwa palepale lilipotokea, tunauliza kwa nini, jibu likipatikana tunauliza tena kwa nini, mpaka tufike kwenye fomu, mashine au hatua inayolizalisha. Hapo ndipo pa kubadilisha. Kumkaripia kijana na kumwacha na fomu ileile ni kuliahirisha kosa mpaka zamu ijayo.

Nilipofika ofisini kwenu nilipokewa vizuri. Dada wa mapokezi alinisikiliza, akaandika kwenye daftari, akasema, "Tumepokea, tutalifanyia kazi." Naamini alimaanisha. Lakini nilipouliza daftari lile husomwa na nani na lini, hakujua. Tangazo lililofuata likatoka gazetini kama lilivyokuwa: namba ya kiwanja bila jina la mtaa wala alama yoyote ya kuitambua nyumba, kimya kuhusu wapangaji, kimya kuhusu kodi ya pango, siku mbili za kukagua bila saa wala jina la mtu wa kumtafuta. Mnada wa Kihonda haukuwafundisha chochote, kwa sababu hakuna njia ya kutoa lililojulikana Kihonda na kulifikisha kwa anayeandika tangazo jipya.

Njia hiyo si ya gharama. Kabla tangazo halijaenda gazetini, mtu mmoja asimame mbele ya nyumba akiwa na nakala ya hati, amwone mwenyekiti wa mtaa, apige picha ya geti, aulize nani anaishi humo na kwa mkataba gani. Mwingine aulize madeni ofisi ya ardhi. Majibu yaingie kwenye tangazo lenyewe. Na baada ya kila mnada, kabla ya faili kufungwa, dalali, karani na aliyebandika wakae pamoja waandike nini kilikwenda kombo, na fomu ya tangazo ibadilishwe hapohapo kabla ya kazi inayofuata.

Jambo moja zaidi. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi yeyote anayeona kasoro anaruhusiwa kutoa ishara ili kazi isimame. Kijana wenu wa kubandika, au yule aliyepokea simu ya mzee, alipaswa kuwa na ruhusa hiyo. Mzee alipiga simu siku nyingi kabla ya mnada. Simu ile ingesikilizwa, mnada ungesogezwa mbele, tangazo lingesahihishwa, na mimi nisingekuwa na sababu ya kuandika barua hii.

Naomba kwanza deni la kodi ya pango la ardhi la kipindi cha kabla ya mnada lilipwe na ninyi au benki, mtakavyokubaliana, ili uhamisho wa hati uendelee. Pili, mtu mwenye cheo aende Kihonda kumwomba radhi yule mzee na kumtengenezea geti. Tatu, mnada mliokwisha kuutangaza usogezwe mbele mpaka tangazo lake lirekebishwe, na mnionyeshe tangazo jipya. Nataka majibu kwa maandishi, yenye saini, ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata nitapeleka malalamiko, pamoja na picha za geti na risiti zote, kwa mamlaka iliyowapa leseni ya udalali.

Wenu,
Mnunuzi wa nyumba ya Kihonda,
Morogoro.

Nakala: Meneja wa benki iliyoagiza mauzo, Mwenyekiti wa Mtaa.