YAH: KUZIMIWA MAIKROFONI HEWANI USIKU WA TAREHE 20 NOVEMBA, NA NAFASI YA B NA T KATIKA REDIO YENU YA LGBT (WASAGAJI, MASHOGA, BAISEKSHO NA TRANSJENDA)

Kwa Mkurugenzi Mtendaji
Nakala: Meneja wa Vipindi

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nawasalimu kwa heshima. Naomba barua hii muisome ninyi wenyewe kabla ya kumsukumia Meneja wa Vipindi, kwa kuwa mbili za mwanzo zilisukumwa kwake na huko ndiko zilikolala. Sina haja ya kujitambulisha wala kueleza kipindi chetu ni kipi. Kanuni za utangazaji nazo sizinukuu: mlizitunga wenyewe, na zimebandikwa mlangoni mwa studio, juu kidogo ya ile karatasi inayokataza kuingia na chai.

Nianze na usiku wenyewe.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili. Mwenzangu, mwanamke transjenda (yaani alipozaliwa alihesabiwa mvulana, lakini ni mwanamke) ambaye nimeendesha naye kipindi hiki kwa miaka mitatu, alikuwa anasoma majina ya marehemu, watu transjenda waliouawa. Mlitupa dakika ishirini kwa ajili hiyo na ratiba mliisaini. Alikuwa amemaliza jina la kumi na moja kati ya ishirini. Meneja wa zamu akashusha sauti ya maikrofoni yake, akapandisha kibwagizo cha kituo, kile cha "redio yetu sote", kisha akasema kwenye hedifoni: "Kaka, muda wa wageni umekwisha." Baada ya kibwagizo likaingia tangazo la dansi la mwisho wa wiki.

Maneno matano, na ndani yake matusi mawili. Niyachukue moja moja.

"Kaka." Ndugu Mkurugenzi, Kiswahili kimetuhurumia. Hakina "yeye" ya kiume na "yeye" ya kike. Unaweza kumsema mtu kutwa nzima, alikuja, akakaa, akasoma, akaondoka, na usiguse jinsia yake hata mara moja. Anayetaka kumtukana transjenda kwa lugha hii ni lazima ajitahidi: alitafute neno, alichague, alichomeke. Kwa hiyo nikiambiwa ulimi uliteleza, nasema hapana. Kwa Kiswahili ulimi hautelezi hapo.

"Wageni." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumelishika miaka mitatu. Tumeandaa vipindi, tumetafuta wazungumzaji, tumehariri sauti usiku wakati wenzetu wamelala, na posho mnaijua ilivyo. Bado ni wageni?

Majibu niliyopewa kwa barua pepe, siku sita baadaye, yalisema kulikuwa na "hitilafu ndogo ya kiufundi". Sijawahi kuona mtambo unaomwita mtu kaka.

Tarehe hiyo nayo mnaijua, au mlipaswa kuijua, kwa sababu kila mwaka mnaweka picha ya mshumaa kwenye kurasa zenu. Rita Hester, mwanamke transjenda, aliuawa huko Boston tarehe 28 Novemba 1998, ndani ya nyumba yake, na waliompenda walizidi kuumia walipoona magazeti yakimwandika kana kwamba alikuwa mwanamume. Mwaka uliofuata mwanaharakati Gwendolyn Ann Smith akaanzisha kumbukumbu ya kila 20 Novemba ya watu transjenda waliouawa. Kwa maneno mengine, siku ambayo nyuma yake kuna uchungu wa vyombo vya habari kukataa kumwita marehemu alivyojiita, ndiyo siku chombo chenu cha habari kilipomwita mtangazaji wake kaka.

Na hili halikuanza Novemba. Septemba niliomba saa moja tu kwa ajili ya tarehe 23, siku ambayo watu baiseksho kama mimi, tunaoweza kuwapenda wanaume na wanawake, tumekuwa tukiiadhimisha tangu 1999. Nikajibiwa kwamba tunaweza "kukaribishwa kama wageni" kwa dakika kumi ndani ya kipindi cha Jumamosi, tukihojiwa na mtangazaji ambaye, kwa heshima zote, swali lake la kwanza lilikuwa kama mimi si mtu ambaye bado hajaamua. Nina miaka arobaini na moja. Nimeamua zamani, nyie ndio hamjaamua.

Kabla ya hapo, kwenye kikao cha ratiba cha Juni, mbele ya watu tisa, Meneja wa Vipindi aliniambia: "Chagua kwanza upande, ndipo tujue tukuweke wapi." Kwa sababu mnacho kipindi cha wanaume mashoga na mnacho kipindi cha wanawake wasagaji, na katikati yao hakuna kiti. Mmenifanya yule popo wa hadithi: kwa ndege si ndege, kwa wanyama si mnyama. Baada ya kikao nikaitwa pembeni na kuombwa, kwa upole sana, nisimtaje mume wangu hewani, eti wasikilizaji "watahisi wamedanganywa". Mtangazaji wa asubuhi humtaja mpenzi wake kila siku, mpaka sote tunajua anavyokoroma. Mimi nimtaje wangu nimedanganya nani?

Tunaambiwa pia kwamba wasikilizaji wa aina yetu ni wachache. Nani aliwahesabu? Shirika la kura za maoni la Gallup lilipotoa matokeo yake Februari 2021, miongoni mwa watu wazima wa Marekani waliojitambulisha kuwa LGBT, asilimia 54.6 walisema ni baiseksho na asilimia 11.3 walisema ni transjenda. Najua hatutangazi kwa Wamarekani peke yao. Lakini kama kwingine hali inakaribia hapo hata nusu, basi bango lenu la mapokezi lenye sura kumi na nne, ambamo mimi ndiye B peke yangu na mwenzangu ndiye T peke yake, na sote wawili tumebanwa ndani ya saa moja kwa wiki, linasema uongo mkubwa kuliko wowote ambao mume wangu angeweza kusababisha.

Na msiniambie mbona tunahojiwa. Kuhojiwa si kutangaza. Anayehojiwa huulizwa ulijuaje, wazazi walisemaje, umefanyiwa upasuaji gani, kisha hushukuriwa na kuonyeshwa mlango. Anayetangaza ndiye anayeuliza. Anaweza kuzungumzia foleni za barabarani na bei ya unga akiwa bado ni transjenda, bila kuitolea maelezo. Mwaka 1995 Nancy Nangeroni, mwanamke transjenda, alianzisha kipindi cha redio kiitwacho GenderTalk kwenye kituo cha WMBR pale Cambridge, Massachusetts, na maikrofoni aliishika mwenyewe. Mwaka 1995! Mambo ya kidijitali hatujayajua, na mtu tayari alikuwa ameona kwamba habari za watu hawa zinafaa ziendeshwe na watu hawa.

Kuna msikilizaji aliyetuandikia mwaka jana. Hajataja jina, na angelitaja nisingelileta hapa. Alisema husikiliza akiwa jikoni, sauti ameipunguza hadi karibu na kimya, akiosha vyombo ambavyo tayari ni safi ili apate sababu ya kubaki pale. Aliandika: "Leo nimesikia mtu akilisema neno langu bila kucheka." Watu kama yeye ni wengi kuliko mnavyodhani. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2013 nchini Marekani uliona kwamba baiseksho asilimia 28 tu ndio waliosema watu wote au wengi wa muhimu maishani mwao wanajua kwamba wao ni baiseksho, ilhali kwa mashoga ni 77 na kwa wasagaji 71. Hao ndio wanaotuhitaji kuliko wale ambao tayari wanacheza dansi kwenye matangazo yenu.

Narudi kwenye ule usiku, kwa sababu mara ya kwanza sikuusimulia wote.

Mwenzangu husoma huku hedifoni amezishusha shingoni. Anasema anataka kuisikia sauti yake ndani ya chumba, siyo ndani ya waya. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili, na juu ya kila jina geni alikuwa ameandika kwa penseli namna ya kulitamka, silabi kwa silabi. Alikaa jioni mbili akisikiliza na kurudia ili asimkosee mtu aliyekwisha kukosewa vya kutosha. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, naitazama taa. Alipomaliza la kumi na moja, taa nyekundu ikazimika. Kibwagizo kikaanza kuimba masikioni mwangu, na juu yake nikasikia "kaka, muda wa wageni umekwisha". Nikainua macho kwenye kioo. Meneja wa zamu alikuwa amekwisha kugeuka, anaangalia simu.

Na mwenzangu anaendelea kusoma. Hakujua. Alisoma la kumi na mbili, akanyamaza kidogo kama alivyopanga, akasoma la kumi na tatu, akanyamaza, akasoma la kumi na nne. Majina matatu kwenye maikrofoni iliyokufa, kwa sauti ileile ya upole, huku nje watu wakisikia dansi la Jumamosi kiingilio bure kwa wanaowahi. Nilishindwa kumkatiza. Mwisho akaniona uso, akauliza: "Amesema nini?"

Nikamwambia: "Muda umekwisha."

Lile "kaka" na lile "wageni" nikayameza. Nilimdanganya rafiki yangu ili kuwasitiri ninyi, Ndugu Mkurugenzi, na hilo sijaweza kujisamehe. Halikusaidia kitu. Asubuhi kwenye kikao meneja wa zamu aliyarudia mwenyewe, akicheka, akidhani ni utani wa kawaida wa kazini. Mwenzangu akanitazama mimi kwanza, ndipo akamtazama yeye.

Pale mapokezi mmetundika picha ya maandamano ya Fahari ya LGBT ya New York ya mwaka 1970. Kila mgeni, mgeni wa kweli, hupigwa nayo picha. Miongoni mwa walioyaandaa maandamano yale alikuwapo Brenda Howard, mwanamke baiseksho. Miaka mitatu baadaye, 1973, Sylvia Rivera, mwanaharakati transjenda, alipanda jukwaani Washington Square Park kuwasemea wenzake waliokuwa jela, akazomewa na umati wa watu waliopaswa kuwa wake. Lakini alizungumza, maikrofoni iliwaka. Wale wa 1973 walizomea tu. Ninyi mmezima.

Sasa nisemalo ni hili. Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai tuombwe radhi hewani tu, Jumatatu, saa tatu na dakika arobaini na mbili usiku, isomwe na meneja wa zamu kwa mdomo wake, amwite mwenzangu kwa jina lake. Hilo nalitaka bado. Kisha mwenzangu apewe dakika zake na aanze na jina la kumi na mbili. Siyo la kumi na tano. Yale matatu hayakusomwa.

Lakini kadiri ninavyoandika naona radhi haitoshi. Nataka ratiba mpya ya Machi iwe na B na T kwenye viti vya utangazaji, mchana, saa ambazo watu wako macho, na siyo sisi wawili tu tunaozungushwa kama bendera ya kuonyeshea wafadhili. Nataka kanuni itamke wazi kwamba hakuna mtangazaji atakayeambiwa achague upande au amfiche mwenzi wake. Nataka maelezo ya maandishi kuhusu ile hitilafu ya kiufundi, yenye saini ya fundi mitambo, maana nimekwisha kuzungumza naye na anasema mtambo ulikuwa mzima. Na hadi hayo yafanyike, kile kibwagizo cha "redio yetu sote" kisipigwe. Mkishindwa, ondoeni B na T kwenye nembo yenu. Mbaki na herufi mbili, angalau tutajua mnachouza.

Nawapa siku kumi na nne kuanzia mtakapoipokea barua hii. Siku ya kumi na tano, nakala itakwenda kwa kila mdhamini ambaye jina lake husomwa kabla ya taarifa ya habari, pamoja na ukurasa wa ombi lenu la leseni mlipojieleza kuwa mnatumikia herufi zote nne. Nakala nyingine itakwenda kwa mamlaka iliyowapa hiyo leseni. Rekodi ya matangazo ya usiku ule ninayo, kimya kinasikika vizuri kabisa mahali jina la kumi na mbili lilipopaswa kuwa, kabla kibwagizo hakijaingia. Watangazaji wenzangu watano, wawili kati yao kutoka vile vipindi vyenu viwili vikubwa, wamekubali kutoingia studio wiki ya Fahari. Nilidhani nitawaomba, wao ndio walionitafuta.

Kadi ya mlango wa studio bado ninayo. Naomba msinitumie ujumbe wa kuirudisha kabla ya kunijibu.

Barua za kikazi huwa namalizia kwa "wenu mtiifu". Hii naiacha bila.

Mtangazaji wenu, kipindi cha Jumatatu usiku