Baridi ya mlimani: kikulacho ki nguoni mwako

Msimu wa baridi unapokaribia, ombi tunalolisikia kuliko mengine yote kwenye duka letu la vifaa vya waendesha baiskeli wa mlimani ni hili: "Nipeni jaketi zito kuliko yote mliyo nayo." Huwa hatukimbilii kulishusha. Kwanza tunamuuliza mteja: siku ile uliyoteseka, baridi ilianza kukushika wapi? Karibu wote hujibu mamoja. Haikuwa kwenye kupanda. Ilianza kileleni waliposimama kupumzika, au katikati ya mteremko.

Ukipanda mlima kwa baiskeli, misuli inafanya kazi nzito na mwendo ni mdogo, kwa hiyo joto linajaa ndani ya nguo na jasho linakutoka. Ukifika juu kazi inakwisha ghafla. Unaacha kukanyaga, unashuka kwa kasi, upepo unakupiga kifuani. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na fulana iliyolowa sasa inakunyang'anya joto lile ulilolitafuta kwa shida. Hewa ikiwa nyuzi 0 za Selsiasi, upepo wa kilomita 20 kwa saa huifanya ngozi iliyo wazi ihisi kama ni nyuzi 5 chini ya sifuri, na kwenye mteremko kasi hiyo unaitengeneza mwenyewe hata siku iliyotulia. Jaketi zito lililokutoa jasho ukipanda ndilo litakalokugandisha ukishuka.

Kwa hiyo sisi tunaanza na nguo inayogusa ngozi. Fulana ya pamba iache nyumbani hata kama unaipenda vipi, maana pamba hunywa jasho na haikauki upesi. Chukua merino (sufu laini ya kondoo) au poliesta nyepesi, inayokukaa mwilini bila kulegea. Poliesta hukauka haraka zaidi. Merino huchelewa kidogo, lakini huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu, wala hainuki upesi. Mtu anayesimama mara kwa mara kuwasubiri wenzake tunamshauri merino. Anayekanyaga mfululizo, poliesta inamtosha.

Juu yake vaa kitu chepesi cha kutunza joto, kisha kizuia upepo chembamba kinachokunjika kikaingia mfukoni. Tukiulizwa ni nguo ipi moja iliyo bora kununuliwa mwanzo, tunataja hicho kizuia upepo. Jaketi lisilopitisha maji kabisa tunaliuza kwa ajili ya siku za mvua na theluji inayoyeyuka, na hata hapo tunasisitiza liwe na zipu za kwapani. Siku kavu litakufungia jasho ndani.

Ukitoka mlangoni, jisikie baridi kidogo kwa dakika 10 za kwanza. Ukiwa na joto la kutosha kabla hata hujapanda baiskeli, umevaa kupita kiasi. Fungua zipu kabla ya kupanda, na vaa kizuia upepo kileleni kabla hujaanza kusikia baridi.

Mikono ndiyo inayotuletea wateja wengi wenye masikitiko, na tunawaelewa. Mwili ukipoa hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kutunza joto la viungo vya ndani. Vidole vinakuwa vya kwanza kulipa. Mara nyingine, basi, dawa ya vidole vilivyoganda ni kukifunika kifua vizuri zaidi. Na glavu nene kupindukia ni hatari: kidole hakiisikii breki, nawe uko kwenye mteremko wenye mawe. Ndiyo maana tumefunga usukani wenye breki kwenye meza yetu. Kila anayechagua glavu huivaa, akaishika breki kwa kidole kimoja, akaiminya na kuiachia mara kadhaa. Ikimtatiza pale mezani, mlimani itamtatiza zaidi. Glavu inayobana nayo tunairudisha rafuni, kwa sababu inazuia damu. Kwa anayeendesha chini ya sifuri, kuna mifuko ya kufungwa kwenye usukani ambayo mikono huingia ndani yake. Haipendezi machoni, lakini inakuwezesha kuvaa glavu nyembamba na kuzisikia breki na gia sawasawa. Tunaipenda mno.

Miguuni kosa ni lile lile: soksi mbili ndani ya kiatu kilichokuwa kikitosha soksi moja. Kidole kikikosa nafasi ya kuchezacheza, damu haifiki. Afadhali soksi moja nzuri ya sufu na kiatu kikubwa kidogo. Viatu vya kunasa kwenye pedali vina kipande cha chuma chini ya soli, na chuma hicho huvuta joto nje. Wakati wa baridi wateja wetu wengi hurudia pedali bapa na viatu vizito. Hapo inakuwa rahisi pia kushuka na kuisukuma baiskeli dakika chache. Kutembea hurudisha damu vidoleni kuliko soksi yoyote tunayouza.

Magoti yafunikwe. Kichwani inatosha kofia nyembamba chini ya helmeti. Ikiwa helmeti imeanza kukaa juujuu, kofia hiyo ni nene mno. Miwani iwe ya vioo visivyo na rangi, na uiteremshe puani unapopanda ili isijae ukungu.

Baiskeli yenyewe nayo huisikia baridi. Tairi uliyojaza upepo wa psi 25 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) chumbani kwenye nyuzi 20 itabaki na 22 hivi ikifika nje kwenye nyuzi 0, kwa hiyo pima upepo wa tairi ukiwa nje. Betri ya taa huisha mapema kuliko ulivyozoea. Anayebeba maji mgongoni kwenye mfuko wenye mpira wa kunywea apulize yale yaliyobaki kwenye mpira yarudi ndani ya mfuko kila anapomaliza kunywa, la sivyo mpira utaganda.

Na ndani ya begi weka fulana moja kavu kwenye mfuko wa plastiki, uibadilishe kileleni.

Ukija kuchagua vifaa, njoo na helmeti yako, viatu unavyoendeshea na soksi unazovaa navyo. Tutavijaribisha vyote pamoja, ukiwa umekaa juu ya baiskeli.