Vijana wetu nao wanahitaji kuatamiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Makorora, Tanga. Mashine yangu ya kutotolesha inabeba mayai 264. Kwa siku 21 nayalinda kama mtoto mchanga: joto nyuzi 37 na nusu, unyevu wa kutosha, na kuyageuza kila siku hadi siku ya 18. Umeme ukikatika usiku nami nimelala, mayai huharibika.

Mwaka jana mtoto wa marehemu kaka yangu na wenzake wawili walinifungia kidude kinachonitumia ujumbe wa simu joto likishuka. Walikiunda barazani kwangu, wakichomea nyaya juu ya meza yangu ya kukatia mboga. Hasara ilipungua sana, na wafugaji wawili wa Muheza wakakitaka.

Hapo ndipo walipokwama. Baraza ni finyu, mvua ikinyesha wanakusanya kila kitu. Chumba walichokipata Ngamiani kilitakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Najua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hizo 10, asilimia 4 ni za vijana. Jambo jema, ila mkopo ni deni, na hawa walikuwa bado wanavunja na kuunda upya. Atakopaje mtu ambaye bidhaa yake haijatulia? Wakaenda Dar es Salaam. Kidude changu kikiharibika sasa, sina wa kumwita.

Mwaka 1959 mji wa Batavia, jimbo la New York, ulikuwa na kiwanda kikubwa kilichofungwa. Joseph Mancuso aliligawa jengo vipande vipande, akawapangisha wenye biashara changa kwa kodi nafuu na kuwapa ushauri. Mmoja wa wapangaji wake wa mwanzo alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga, na inasemekana ndiko jina la kiatamizi cha biashara, yaani mahali pa kulelea biashara changa, lilikotoka. Nilipolisikia hilo nilifurahi mno.

Tanga nasi tuna majengo yaliyobaki matupu tangu viwanda vifungwe. Naliomba Jiji litoe moja tu: umeme wa uhakika, intaneti, meza za kazi, fundi mzoefu wa kuwaelekeza, na mhasibu wa kuwaonyesha njia ya BRELA kwenye usajili wa biashara na TRA kwenye kodi ya mapato. Kodi ya pango waanze kulipa mwezi wa saba tangu waingie. Meza moja nitaitoa mimi. Ile ya barazani bado ipo, na alama za risasi ya kuchomelea hazijafutika.

Mfugaji wa kuku,
Makorora, Tanga