Shusha Geini Kwanza, Ndugu Yangu

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumaini nawe hujambo, na vidole bado vina hamu ya nyuzi. Barua yako nimeipata, na ile rekodi nimeisikiliza kwa spika, kisha kwa hedifoni. Unalalamika kwamba pedali yako mpya ya gitaa, ile ya kukwaruza sauti, pamoja na kuwa na valvu ya kweli ndani (kile kioo cha kukuza umeme kama cha redio za zamani), haina tofauti yoyote na zile za kawaida, na kwamba ukipiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kinachotoka ni tope. Tope hilo nimelisikia. Picha ya nobu zako nayo nimeiona: geini, ile ya kiasi cha kukuza na kukwaruza sauti, imezungushwa mpaka mwisho, na volumu ya gitaa iko 10. Hapo ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanzia.

Valvu inayowekwa kwenye pedali za aina hii kwa kawaida ni 12AX7, ile ambayo Ulaya huandikwa ECC83. Ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja. Sauti ya gitaa huingia kwenye gridi, yaani wavu mdogo ndani yake, na mtikisiko mdogo tu pale hutawala mkondo mkubwa zaidi unaotoka kwenye kathodi kwenda kwenye anodi, ncha zake mbili. Ukiipa kidogo, inakuza tu. Ukiizidishia, inaanza kuyakata mawimbi vichwa, ila haikati kama mkasi: inabana polepole, na upande mmoja wa wimbi hubanwa kabla ya mwingine. Wimbi lisilolingana juu na chini huzaa hamoniki za shufwa, yaani sauti za ziada zenye hezi mara mbili, mara nne na kuendelea za noti uliyopiga. Piga uzi wa A ukiwa wazi, hezi 110 (mitikisiko 110 kwa sekunde), na juu yake utapata 220, yaani A ileile, oktavu moja juu. Sikio halioni hapo kitu kilichoharibika, linaona noti imenenepa. Pedali isiyotegemea valvu, yenye vipande viwili vidogo vya umeme viitwavyo dayodi, zinazokata pande zote sawasawa hutoa zaidi zile za witiri (mara tatu, mara tano), ya kwanza ikiwa 330, ambayo ni E. Inapendeza nayo, lakini ina makali mengine.

Sasa sikiliza. Tofauti hiyo yote iko mpakani, pale valvu inapoanza kuzidiwa. Ukiisukuma kupita hapo, pande zote mbili za wimbi hukatwa, wimbi linakaribia kuwa la mraba, na ule unene ulioununua unamezwa. Ndiyo maana ukasema haina tofauti. Kwa jinsi ulivyoiseti, ulikuwa na haki kusema hivyo.

Tope la kodi lina sababu yake pia, na wala si ubovu wa pedali. Saketi yoyote inayopotosha sauti haizikuzi noti zako kila moja peke yake. Huzichanganya, na kutoka kwenye kila jozi huzaa noti ambazo hukuzipiga, mojawapo ikiwa ni tofauti kati ya hizo mbili. Chukua A ya 110 na E iliyo juu yake, karibu 165. Tofauti ni 55, na 55 ni A, oktavu moja chini. Inaingia mahali pake kabisa, unasikia kama mtu wa besi ameongezeka. Sasa weka C# karibu na ile A: 138.6 toa 110 unabaki na 28 na ushei, noti isiyo ya kodi ile wala ya wimbo wako. Hiyo ndiyo inayonguruma chini kabisa kwenye rekodi yako, dakika ya kwanza haijaisha. Wapiga roki waliozoea noti mbili tu, ya msingi na ya tano, hawakufanya hivyo kwa uvivu. Ukiitaka ile ya tatu (hapa C#), ipandishe oktavu moja, uipige kwenye uzi wa pili au wa tatu, mbali na nyuzi nene, na upunguze geini. Utashangaa jinsi kodi inavyofunguka.

Basi jaribu hivi. Weka ampilifaya yako kwenye chaneli safi, si ile inayokwaruza. Nobu ya geini ya pedali ielekee pale mshale wa saa unapokuwa saa nne asubuhi. Nobu ya kutoa sauti, ile iliyoandikwa level au volume, ipandishe kuliko ulivyozoea, hadi pedali ikiwashwa sauti iongezeke waziwazi. Kama ampilifaya nayo ni ya valvu, itasukumwa kidogo, na hizo mbili zitaanza kusaidiana. Kisha iache pedali ikiwa imewashwa muda wote, na kazi yote iliyobaki uifanye kwa mkono. Volumu ya gitaa ikiwa 5 au 6 na kidole chepesi, sauti inakuwa karibu safi. Kaza mkono, inakwaruza kwenye ncha ya noti. Fungua volumu hadi 10, una sauti ya solo. Hakuna pedali nyingine niliyowahi kuikanyaga inayonipa mambo matatu bila kuinua mguu. Ila ukishusha volumu ya gitaa, trebo, ule ukali wa sauti za juu, nayo hupungua, hilo ni la magitaa mengi. Ongeza kidogo toni ya pedali na uzoee.

Geini ya mwisho kabisa ina kazi yake, sikatai. Kwa noti moja ndefu unayotaka iendelee mpaka spika irudishe mlio kwenye nyuzi, iwashe, furahi, kisha uirudishe chini.

Kuhusu umeme, hapo umenitia wasiwasi. Unasema umechukua adapta ya pedali yako ya zamani kwa kuwa plagi inaingia. Plagi kuingia si hoja. Waya wa kupasha joto ndani ya 12AX7 peke yake unataka volti 12.6 na miliampea 150, karibu wati 2, kabla hata hujapiga noti. Pedali nyingi za transista, yaani zisizo na valvu, zinaishi kwa miliampea 10 au 20, na adapta zake huenda zisiubebe mzigo huo. Ndiyo sababu hutaona pedali ya valvu hii ikitembezwa na betri ndogo ya volti 9 usiku kucha. Zaidi ya hapo, baadhi hutaka volti 12 za AC (umeme wa kwenda na kurudi), na ukizichomekea DC (wa kwenda upande mmoja), au kinyume chake, unaweza kuiua siku hiyohiyo. Soma maandishi ya nyuma ya pedali: volti, AC au DC, miliampea, na kama ni DC, katikati ni chanya au hasi. Ukishaipa umeme sahihi, iache ipate moto kama dakika moja ndipo uihukumu.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Si kila valvu iliyomo ndani ya pedali inalishwa sawa. Kwenye ampilifaya, anodi ya 12AX7 hupata mamia ya volti. Baadhi ya pedali huipa volti chache tu, na kazi kubwa ya kupotosha hufanywa na chipu au dayodi kabla sauti haijaifikia. Nyingine, kama zile za HT za kampuni ya Blackstar, huupandisha umeme ndani kwa ndani hadi volti 300. Mimi napenda zaidi hizi za pili kwa jinsi zinavyoitikia mkono, lakini usidharau zile za kwanza. Pedali ya Tube Driver ya Butler, ambayo wapiga gitaa David Gilmour na Eric Johnson wameitumia, ina chipu mbele ya valvu yake, na sijasikia mtu akiilalamikia. Pedali ya Tube Screamer nayo, licha ya jina (tube ni valvu kwa Kiingereza), haina valvu hata moja, na imependwa na nusu ya dunia. Kwa hiyo amini sikio. Na ule mwanga wa rangi ya chungwa unaouona dirishani, kuna watengenezaji huwasha taa ndogo ya LED nyuma ya kioo ili valvu ionekane ina moto zaidi. Inapendeza jukwaani, basi.

Ukiona hata kwa geini ndogo bado inakuzidi, badilisha valvu kabla hujaiuza pedali. 12AX7 hukuza hadi mara 100. 12AT7 ni kama 60, na 12AU7 iko karibu 20. Zote tatu miguu yake inapangwa sawa, na waya wa joto unataka umeme uleule. Mimi ningeanza na 12AT7. Chomoa umeme, subiri ipoe, na kama yako ni ya zile za volti 300 usiguse kitu kingine humo ndani, maana kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki na umeme hata ukishachomoa. Ukiirudisha na kuiwasha, gonga kioo taratibu kwa ncha ya penseli. Ikisikika spikani kama kengele, valvu hiyo imelegea ndani na itakusumbua kwa mluzi, tafuta nyingine.

Pedali ya wawa, ile unayoikanyaga ikalia wa-wa, iache mbele yake, upande wa gitaa, na ya mwangwi nyuma yake, upande wa ampilifaya. Mwangwi ukipita ndani ya valvu unasagika wote.

Sasa naomba rekodi mpya: wimbo uleule, ampilifaya safi, geini saa nne, volumu ya gitaa ukiibadilisha ubeti hadi kiitikio. Usiongeze kitu kingine. Na kabla ya hapo nitumie picha ya nyuma ya pedali, pale palipoandikwa umeme wake, nijue kama ile adapta haijakwisha kuifanyia kazi mbaya.

Wasalimie wenzako wote wa bendi, hasa mpiga ngoma, ambaye kwenye rekodi nimemsikia akijitahidi kukupigia kelele.

Ni mimi rafiki yako.