Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Faru Weusi Wanaongezeka, Nafasi Haiongezeki

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya kamati kwa mwaka uliokwisha. Hesabu za fedha atazieleza mhazini. Mimi nitabaki kwenye faru mweusi wa Kenya, na hasa kwenye swali ambalo kamati ililirudia takribani kila kikao: faru wanaozaliwa sasa watakaa wapi?

Huenda waliojiunga nasi karibuni wakashangaa kwamba tumefika mahali pa kuuliza hivyo. Mwaka 1970 nchi hii ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 20,000, na kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wamebaki chini ya 400. Pembe zilipelekwa Yemeni kuchongwa mipini ya jambia na Mashariki ya Mbali kutengenezwa dawa, wala biashara hiyo haikukoma pale CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipoipiga marufuku mwaka 1977. Kilichowanusuru faru wetu ni uamuzi wa kuwakusanya wale waliosalia wametawanyika, wakawekwa katika maeneo machache yenye uzio na askari wa usiku na mchana, kama vile Nakuru, Solio, Lewa, na Ngulia iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, ambayo ilianza mwaka 1986 ikiwa na faru watatu tu.

Leo wako wapatao 1,000, na tuna kila sababu ya kufurahi. Lakini uzio uliowazuia majangili kuingia ndio unaowazuia faru kutoka. Faru mweusi hula majani na vitawi vya vichaka, na dume hulinda eneo lake kwa ukali, kwa hiyo hifadhi ikijaa faru, vichaka huliwa vikaisha, madume hupigana hata kuuana, na majike huchelewa kushika mimba. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 15 na kuzaa ndama mmoja. Ucheleweshaji wa mwaka mmoja kwa kila jike, ukijumlishwa kwa hifadhi nzima, ni hasara ambayo hakuna jangili anayehitajika kuisababisha.

Njia iliyopo ni kuwahamisha, na hapo ndipo kamati ilipogawanyika. Waliotaka tahadhari walikumbusha yaliyotokea Julai 2018, ambapo faru 11 waliotolewa Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki walikufa wote, baada ya kukutana na maji yenye chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Waliotaka tuharakishe walitaja Loisaba, Laikipia, walikopelekwa faru 21 mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya takribani miaka 50 bila faru hata mmoja, na wakaongeza mfano wa Akagera nchini Rwanda, iliyopokea faru 18 kutoka Afrika Kusini mwaka 2017.

Maoni yangu, ambayo si wajumbe wote walioyakubali, ni kwamba kasi si jambo la kubishania kabla ya mahali pa kuwapeleka kukaguliwa. Maji yapimwe wakati wa kiangazi na wa masika, vichaka vihesabiwe, na wafugaji wanaopakana na eneo husika washirikishwe mapema, kwa sababu ardhi mpya itakayopatikana nyingi yake itatoka kwao au kwa majirani zao. Kazi hii haina helikopta wala picha za kuvutia wafadhili, na nadhani ndiyo maana hukosa fedha.

Baada ya mjadala mrefu, kamati iliazimia kwa kura nyingi kwamba michango yetu ya mwaka ujao ielekezwe kwanza kwenye upimaji wa maji na malisho, badala ya kununua vifaa vya doria kama tulivyozoea. Azimio hilo haliwezi kutekelezwa bila idhini yenu, hivyo naomba lijadiliwe na kupigiwa kura katika mkutano huu.